Shamba Litakula Nini?

Juzi hapa Izia mjukuu wangu alimuuliza mwenyekiti wa mtaa swali mbele ya watu. Kabla sijafikiri, kiganja changu kilikuwa kimeshamziba mdomo. Hapo hapo nikaisikia tena harufu ya majani mabichi yanayoungua.

Ilikuwa kwenye shamba la kijiji nikiwa mtoto, baada ya sisi kuhamishiwa kwenye nyumba zilizopangwa kwa mistari, enzi za vijiji vya ujamaa. Bwana shamba aliamuru majani yote yachomwe, kisha tulime matuta marefu yaliyonyooshwa kwa kamba. Kwetu Ufipa majani hufukiwa kwenye matuta ya mviringo yakaoza humo, na mama alikuwa ameniambia kwamba hicho ndicho chakula cha shamba. Basi nikauliza kwa sauti, "Shikamoo bwana shamba. Tukiyachoma, shamba litakula nini?"

Majembe yalinyamaza. Kiganja cha mama kikanifunika mdomo, kimejaa majivu na jasho.

"Utusamehe, bwana," alisema. "Huyu mtoto hana adabu."

Niliamini nimetamka tusi. Leo najua kwamba kiganja kile kilikuwa kinanikinga, na kwamba watu wazima wote pale walikuwa na swali langu.

Msimu ule mahindi yaliota ya njano, yakadumaa yakiwa na kimo changu. Nilipita katikati yake nikimfuata mama. Mara kwa mara aligeuka kunitazama, kama anayengoja nimuulize.

Sikumuuliza.