Aliyeanua Mpunga Wangu

Nilipoolewa Busale nilikuwa mwepesi wa kugombana na mzito wa kushukuru. Kwetu Ndandalo si mbali, lakini nilijiona nimetupwa. Mume wangu alikuwa kibaruani Mbeya, akirudi mwisho wa mwezi, tena si kila mwezi. Mimi nilibaki na shamba la mpunga, mtoto mgongoni na biashara ndogo ya mpakani. Miaka hiyo biashara ilikuwa imeachiwa huru, kila mwenye miguu akawa mfanyabiashara. Nilipeleka mchele Kasumulu, nikarudi na sabuni na vitenge vya ng'ambo ya mto Songwe.

Kilichonitesa ni kuanika. Mvua ya kwetu haina adabu, hata mavuno yakishaingia inanyesha tu inapotaka. Mpunga ukilowa mkekani unaota, unanuka, na ukiukoboa unapata chenga. Siku moja mvua ilinikuta mpakani. Nilirudi mbio, nusu nalia, nusu natukana. Nikakuta mkeka umekunjwa na mpunga uko kwenye magunia barazani, umefungwa vizuri kwa kamba za mgomba. Jambo hilo likatokea tena, na tena.

Nilijua ni jirani yangu, mama mmoja ambaye nyumba yake inatazamana na yangu. Nikampelekea mche wa sabuni, nikasema ndaga, kama tunavyoshukuru kwetu. Akapokea kwa mikono miwili. Safari iliyofuata nikampelekea sukari, akapokea vilevile. Nilijiona mtu mwema sana. Mara ya tatu, nikiwa na majani ya chai mkononi, nilitaja mpunga kwa jina, naye akashangaa. Alisema siku zote alidhani namshukuru kwa kaa la moto alilonigawia siku ile mvua ilipozima jiko langu, na alikuwa ameanza kuona nazidisha. Mpunga hakuwahi kuugusa.

"Anayeanua ni baba mkwe wako," alisema. "Akikuona umeshika njia ya Kasumulu anakuja, anakaa hapo kwenye migomba, anatazama mawingu."

Majani ya chai alibaki nayo.

Kwetu Wanyakyusa mke wa mtu hakutani na baba mkwe wake. Hamwoni, hamsemeshi, hamtaji jina. Ukisikia anakohoa njiani unaingia majanini, unajifunika kitenge kichwani na kumpa mgongo mpaka apite. Kanisani walishatuambia si lazima, na wenzangu wengi walikuwa wameacha. Mzee wangu hakuacha. Mimi nilifuata kwa manung'uniko, maana umande ulinilowesha kila asubuhi kwa ajili yake, na mara moja niliingia kwenye upupu. Kumbe wakati mimi namkimbia, yeye alikuwa anasubiri nitoke ili apate kuingia uani kunisaidia. Niliona aibu, tena aibu ya kweli.

Nikamtuma mama mkwe anifikishie shukrani. Akaniambia amezifikisha. Haikunitosha. Asante ya kutuma naiona kama salamu za redioni, hujui kama mwenyewe alikuwa anasikiliza.

Basi nikaanza kuacha bakuli. Kabla ya safari nilipika ndizi kwa maharage, nikaziweka kwenye kigoda barazani, nikafunika kwa sahani. Niliporudi nilikuta bakuli limeoshwa na limegeuzwa kifudifudi, na chini yake pana papai, au ndizi mbivu tatu. Tukaenda hivyo misimu miwili. Siku ambazo sikuwa na safari nilizua. Nilibeba nguo ambazo hazina hata doa, nikaenda kuzifua mtoni polepole, ili mzee ale kwa nafasi.

Kisha akaugua. Miguu ilianza, baadaye kifua. Bakuli likawa linachukuliwa na mama mkwe, na lilirudi chakula kimeguswa pembeni tu. Mwisho akaniambia, bila kuzunguka, kwamba mzee hamalizi mwezi. Nikashikwa na hofu moja: kwamba atazikwa kabla sijamshukuru kwa kinywa changu. Nilijua msibani nitalia kuliko wote, na kilio hicho hakitamfaa kitu. Lakini nikiingia chumbani nitamvunjia heshima aliyoitunza maisha yake yote, tena akiwa hawezi hata kugeuka ukutani.

Nikaenda mchana, nikazunguka nyuma ya nyumba. Ukuta ulikuwa wa mianzi, na udongo ulikuwa umebanduka sehemu kubwa. Ndani nilimsikia mama mkwe akimnywesha uji. Nikapiga magoti, nikajifunika kichwa, nikaelekeza uso kwenye migomba.

"Ndaga, tata," nilisema. "Ndaga fijo. Asante sana, baba, kwa mpunga."

Kijiko kikanyamaza. Nikajua nimeharibu. Nilikuwa najiandaa kuondoka kwa kutambaa niliposikia anajivuta na kukohoa, kile kikohozi kilichokuwa kikinikimbizia majanini. Akasema na mkewe, kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika kwa mtu aliyekaa kitandani kwako.

"Mwambie aliyeko nje mawingu yanakuja. Mpunga wake uko juani, na mimi leo siwezi."

Mama mkwe akayarudia maneno yote, ingawa nilikuwa nimeyasikia.

Nikainuka. Juu hapakuwa na wingu hata moja. Nilikwenda nyumbani nikilia, na nilikuwa na furaha. Nikakunja mkeka, nikaanua mpunga wote, magunia nikayafunga kwa kamba za mgomba.