Vatikani ya Unga na Makaroni

Baba Mtakatifu sijawahi kumwona kwa macho, na Roma sijafika. Lakini nyumba yake niliijenga mimi, kwa mikono hii, juu ya meza ya jikoni mtaani Al-Hamra, Jeddah, kwa unga wa ngano, chumvi na makaroni. Nusura ujenzi huo unirudishe kwetu.

Ilikuwa miaka ile ambayo kila kijiji cha kwetu magharibi mwa Kenya kilikuwa na msichana aliyekwenda Saudia na mwingine anayengoja viza. Ajenti wa Nairobi alitukusanya chumba kimoja akatupa sheria zake. Biblia, acha. Rozari, acha. Msalaba wa shingoni, vua ukiwa bado hapa. Na mtoto wa watu usimfundishe dini yako hata kwa utani, kwa sababu siku hiyo hakuna atakayekuuliza ulikuwa na nia gani. Mimi ni Mkatoliki wa kuzaliwa, binti wa fundi seremala aliyeezeka kigango chetu, kanisa dogo la kijijini. Nilitoka chumbani humo na shingo tupu, nikawa najipapasa njia nzima kama mtu aliyesahau funguo.

Mwaka wa kwanza tulikaa Riyadh. Kuta ndefu, vumbi, na ukimya wa kukuwasha masikio. Nyumba ya jirani alikuwako Mkenya mwenzangu, tukisalimiana juu ya paa tunapoanika nguo. Siku moja watoto wa mwajiri wake walikutwa wakiimba wimbo wa kanisani. Hakuwafundisha, masikini. Yeye aliuimba akiosha vyombo, wao wakaushika. Kesho yake paa lilikuwa tupu, na dereva wetu akaniambia yule dada amepelekwa uwanja wa ndege na nguo alizovaa, hata sanduku hakupewa nafasi ya kufunga. Nilimlilia mbele ya ndoo ya nguo. Tangu hapo nikawa naimba moyoni, na rozari nikawa naisali kwa vidole vyangu kumi, nikikanda unga, nikisugua sakafu, nikikanda miguu ya watu, nikiamini hakuna anayejua.

Halafu bosi akaamua familia ihamie Jeddah kwa mama yake, kwa kuwa mama amezeeka na hataki kutunzwa na mtu baki, anataka familia yake. Bosi mwenyewe alibaki na kazi yake Riyadh, akawa anakuja wikendi. Jeddah niliipenda siku ile ile. Jasho, kweli, nguo hazikauki, lakini ukifungua dirisha la jikoni unasikia harufu ya bahari, na watu wanacheka kwa sauti. Huyo mama mzaa bosi tulimwita Hajja. Alikuwa mdogo wa umbo, mkali wa maneno, magoti mabovu na jino moja la nyuma lililomtesa kuliko magoti. Kwenda kwa daktari wa meno alikataa katakata. Dawa yake ilikuwa karafuu: anaiweka juu ya jino, anaing'ata, ananyamaza. Kila baada ya magharibi nilimkanda magoti kwa mafuta ya zeituni huku yeye akimtaja Mungu wake taratibu, akihesabu kwenye pingili za vidole.

Sasa binti wa bosi, darasa la sita, shule ya kimataifa, akaja siku moja amenuna. Mwalimu wao, mama wa Kimisri, aliwachezesha bahati nasibu ya nchi ndogo za dunia. Wenzake walipata visiwa vyenye minazi. Yeye akapata Vatikani. Kila mmoja alitakiwa aeleze nchi yake na kuijenga kwa vitu vya nyumbani, na huyu mtoto, Mungu ambariki, hata karatasi alikuwa hajui kuikata ikanyooka. Akaja kwangu. Nilimwambia mimi sijui habari za huko, mafi maalum, mwulize mama.

Madam, yaani mama yake, hakuona tatizo. Alisema hiyo ni jiografia, nimsaidie mtoto. Lakini alipoiangalia picha kwenye tableti, akagusa kilele cha kuba la kanisa kubwa kwa ukucha wake.

"Hii alama ya juu, hapana," aliniambia. "Hapa jengeni nyumba tu. Sitaki simu kutoka shuleni, na wewe hutaki."

Mimi sikutaka kabisa. Nilimwitikia mara mbili.

Basi mchana ule tukaisoma hiyo nchi, mtoto akisoma na mimi nikikata kadibodi la tende. Nami niliyejiona Mkatoliki kamili nikagundua sijui kitu. Nyumbani kwetu kulikuwa na kalenda ya parokia yenye picha ya ule uwanja mkubwa, na kwa ile picha nilikua nikidhani Vatikani ni nchi pana yenye wilaya, machifu na mashamba ya mahindi. Kumbe nchi nzima imekaa ndani ya jiji la Roma, imezungushiwa ukuta, na mtu mwenye miguu mizima anaweza kuizunguka kabla wali haujaiva. Ingeingia yote Al-Hamra na nafasi ya kuegesha magari ikabaki. Ina posta yake na stempu zake. Ina stesheni ya treni, lakini reli yake fupi, ukipanda tu umeshatoka nchini. Karibu nusu ya ardhi ni bustani. Mtoto aliuliza watu wanakaa wapi basi, na tukacheka wote wawili, kwa sababu ukitoa bustani, makanisa na majumba ya sanaa, ni kweli mtu anabaki na mahali pa kutandika mkeka tu.

Walinzi ndio walionivunja mbavu. Kwenye kalenda yetu walikuwako pembeni, wamevaa suruali za mistari ya bluu na manjano zilizojaa upepo, nami miaka yote nilidhani ni bendi ya tarumbeta. Mtoto akaniambia ni askari, tena wa Uswisi, na wanaapa kufa kwa ajili ya Baba Mtakatifu. Nikawaomba radhi moyoni. Kulikuwa pia na kanisa dogo lenye dari iliyochorwa watu kutoka ukuta hadi ukuta, ndimo wanamochagulia Papa na kutoa moshi mweupe. Alipoikuza ile picha tukaona wale watu wa darini hawana nguo. Akageuza tableti kifudifudi, tukajifanya wote tunatafuta mkasi.

Ujenzi ulinoga. Ile nyumba yenyewe ilikuwa kadibodi. Kuba nililifinyanga kwa unga na chumvi juu ya kikombe cha kahawa, nikalichora mbavu kwa uma. Zile nguzo zinazozunguka uwanja kama mikono ya mtu anayekukumbatia, tulizifanya kwa makaroni manene, tumeyasimamisha moja moja kwenye unga. Chemchemi mbili zilikuwa vizibo vya chupa za maji. Katikati ya uwanja kuna mnara wa jiwe uliotoka Misri zamani sana, mwembamba, umenyooka kwenda juu, na hapo tulikwama. Hajja alikuwa amekaa mlangoni akitutazama. Akaingiza mkono mfukoni akatoa mswaki wake mpya wa mti, akauliza kama huo utafaa. Ulifaa sana.

Mtoto akaenda kuoga. Mimi nikabaki kumalizia, wali ukiwa jikoni, akili yangu iko kwa baba yangu. Baba alipokuwa akiezeka kigango, alituruhusu watoto tujenge kanisa letu la udongo chini ya ngazi yake. Na sheria ilikuwa moja: kanisa lisilo na msalaba juu halijaisha, usiliache hivyo, mvua italiharibu. Tulivunja vijiti, tukavifunga kwa uzi, tukavichomeka. Nilifanya hivyo utoto wangu wote. Nikamaliza kuba, nikafunika Vatikani yangu kwa kawa ili sisimizi wasiifikie, nikapakua chakula.

Asubuhi dereva alibeba kazi ile, niliyoikuta imeshafunikwa taulo, mtoto akapanda gari, wakaondoka. Nikarudi kumtengenezea Hajja kahawa. Nikavuta mkebe wa karafuu. Ulikuwa wazi, na kando yake kilikuwa kibunda cha uzi mweusi ninaoshonea mabaibui.

Mungu wangu. Nikakaa sakafuni. Nilikumbuka vidole vyangu vikipitisha uzi, karafuu moja imesimama, nyingine imelala. Nilikuwa nimeweka msalaba juu ya kuba. Niliambiwa usiweke, nikaitikia mara mbili, kisha mikono ikaenda ikamtii baba.

Nikampigia dereva, kijana wa Kikristo kutoka Murang'a aliyekuwa nasi tangu Riyadh. Alishamshusha mtoto, na geti la shule ya wasichana mwanamume havuki. Nilimwuliza kama aliona kitu juu ya kuba. Alisema taulo hakulifunua. Akavuta pumzi.

"Siz, hapo ni kuomba tu," alisema. "Na uombe kimya."

Nitasema ukweli, niliogopa mpaka nikapata hasira. Nilimkasirikia mwalimu na bahati nasibu yake. Nilimkasirikia ajenti. Niliwaza mwanangu aliyekuwa sekondari akitegemea kazi ile, na mkataba wangu uliokuwa haujaisha, na wazazi wa shule ile wakiambiana kwa simu kwamba mfanyakazi wa nyumba fulani anafundisha watoto msalaba. Kila simu ya madam ilipolia niliacha ufagio. Halafu nikamkumbuka yule dada wa Riyadh na nguo alizovaa. Nikaingia chumbani kwangu nikavaa gauni langu la pili juu ya la kwanza, na la tatu, lile la kanisani, juu ya hayo. Wakinichukua, wanichukue na nguo zangu. Na joto la Jeddah lile! Nilipika mchana huo natiririka jasho hadi kwenye nyusi.

Gari lilipoingia sikuweza kwenda mlangoni. Mtoto akaja mwenyewe jikoni, mbio, amekumbatia kadibodi lake, makaroni machache yamelala. Alikuwa akicheka. Mwalimu alipoona mnara wa mswaki alipiga makofi, akawaambia darasa zima kwamba huo ni wa kwetu Misri, walitubebea, na sasa hata meno wanatusafishia. Kila mtu aliupenda. Vile visiwa vyenye minazi hakuna aliyevitazama. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye kuba. Juu kabisa kulikuwa na kitundu kidogo, safi, na hakuna kitu ndani yake.

Nikamwuliza kama kilikuwapo kitu pale, labda kimeanguka. Akasema hapana, kilikuwa hivyo hivyo walipofunua taulo, na mwalimu alifikiri ni tundu la moshi mweupe. Akamwita mama yake aje aone. Madam alikuja, akatazama, akakagua kilele kwa ukucha ule ule, akasema yalla, kazi nzuri, halas, chakula kiko wapi.

Nilikimbilia ua wa nyuma nikalia. Nililia kwa raha, jamani, kilio cha mtu aliyetua mzigo, nikijifuta kwa gauni la tatu. Lakini karafuu zilikwenda wapi? Kuruka hazikuruka.

Jioni nilimpelekea Hajja chai yake ya mnaanaa. Alikuwa amekaa kwenye godoro lake chini, shavu limevimba kidogo. Pembeni yake kulikuwa na kisahani, na juu ya kisahani kipande cha uzi mweusi, bado kina fundo langu.

Nilisimama na trei. Aliniangalia kutoka chini hadi juu, akaniuliza kwa nini nimevaa nguo tatu. Akanivuta mkono nikakaa, akachukua chupa ya mafuta akaniwekea kiganjani kama kila siku, nikaanza kumkanda goti. Akaniambia kwamba alfajiri alikuja jikoni kutafuta karafuu, jino limemfanya akeshe, na hakuona sababu ya kuchokora mkebe wakati ziko mbili zimeshaandaliwa. Alisema hivyo bila kutabasamu. Kisha akashusha sauti, ingawa chumbani tulikuwa wawili tu.

"Kila jioni unaponikanda, midomo yako inatembea na vidole vyako vinahesabu kwenye mguu wangu," alisema. "Mimi pia nahesabu kwa vidole. Unadhani sijui ni nini?"

Kwa mwaka na zaidi nilikuwa nimejificha juu ya miguu ya mtu anayenisoma. Niliona aibu, nikaona furaha, nikataka kumbusu yale magoti. Nikaanza kuomba radhi kwa Kiarabu changu kibovu, akanizuia kwa mkono.

"Hesabu zako endelea nazo," alisema. "Lakini ukifika kwa wagonjwa, nitajie na mimi. Hili jino halinipi raha."

Akafumba macho, akaanza kumtaja Mungu wake kwenye pingili zake. Nami nikaanza kumtaja wangu kwenye goti lake, kidole kwa kidole. Na jioni ile, kabla ya mama yangu na kabla ya mwanangu, nililitaja lile jino.