Aliyeandika Ndiye Anayebeba

Hadi naandika hapa akili imegoma. Magesa wetu wa Bukima hayupo. Askari wa serikali ya nchi aliyoenda kusoma wamempiga risasi kwenye maandamano ya wanafunzi ya kupinga vita. Hakuwa na silaha jamani! Alikuwa na bango.

Mnaonijua mnajua naandika vibao hapa Musoma mjini. Magesa alianza kuja kibandani kwangu likizo za sekondari, akawa ananichekesha kuliko kunisaidia.

Herufi zake za kwanza zilikuwa kubwa za kutisha, za mwisho zimebanana pembeni. Kuna duka la dagaa hadi leo lina kibao chake. DAGAA imekula ubao mzima, WA BUKIMA utaitafuta.

"Wewe unaanzaga kwa mbwembwe, unamalizaga kwa aibu. Si upime kwanza!"

"Kaka Shabani, hiyo ndo signature yangu."

Kibandani tuna sheria moja. Aliyeandika kibao ndiye anayekibeba, anasimama nacho ng'ambo ya barabara, sisi tunasoma. Kisiposomeka anarudia.

Wiki iliyopita alinipigia video call. Shuka jeupe limetandazwa sakafuni, wenzake wanacheka nyuma. "Kaka, rangi gani haichuji mvua ikinyesha?" Nikamwambia ya mafuta. Akaandika HATUTAKI VITA kwa lugha ya huko, na safari hii nafasi ikatosha! Nikamtania, "Haya, umeandika wewe, kabebe wewe."

Akalibeba, mbele kabisa. Serikali ile ikawajibu watoto wa watu kwa risasi za moto.

Neno langu hilo linanitafuna. Juzi nilimweleza mama yake yote, nikijua atanifukuza. Akanishika mkono. "Mwanangu, hata usingesema angelibeba. Msalaba wake uandike wewe. Sitaki mtu mwingine."

Leo mwili umefika Bukima. Mimi ni Muislamu, misalaba nimeandika mingi tu, ila huu ulinishinda. Fundi mzima nikasahau kupima. Jina lake la ubatizo, EMMANUEL, limekula ubao, MAGESA imebanana mwishoni.

Nikashika kitambaa nifute, huku nalia. Mama akanizuia. "Acha hivyo hivyo. Ndivyo alivyokuwaga anaandika."

Kesho tunamzika. Padri ameuliza nani atatangulia na msalaba, nimesema ni mimi. Sheria yetu unaijua, Magesa.

Bango lako lilisomeka, mdogo wangu. Pumzika sasa, ulale salama.