Nilivyotafsiri Mayai na Firigisi

Nilikuwa muuguzi kijana katika dispanseri moja ya Kindu siku walipotuletea munganga, yaani daktari, kutoka Kinshasa, aje awafundishe akina mama chakula cha kujenga mwili. Alivaa abakosti, ile suti ya wakubwa isiyo na tai, iliyonyooka kwa pasi. Kiswahili hakujua hata salamu, alisema Lingala tu, na kwa kuwa mimi nilisomea Kisangani, ambako Lingala nayo husemwa, nikawekwa mkalimani.

Akina mama walijaa mikekani, watoto migongoni. Munganga akaanza: kila asubuhi mtoto apewe maziwa, siagi na maini ya ng'ombe. Ng'ombe mimi nilikuwa nimemwona Kindu mara moja tu, akishushwa kwenye treni, na watu walitoka kumtazama kama mgeni wa serikali.

"Munganga anasema," nikatangaza, "muweke karanga katika sombe, yale majani ya muhogo, mupatie watoto samaki mukavu na mayai."

Mama mmoja muuza mawese akainua mkono. "Mayai? Si inafanya mutoto anakuwa mwizi?"

Nikalifikisha swali. Munganga akajibu kwa kirefu, protini juu ya protini, hata mimi nikapotea njiani. Nikafupisha: "Anasema yeye alikula mayai tangu utoto, na leo munamuona, iko mukubwa wa serikali."

Yule mama akasema, "Basi njo ile nilisema: mwizi."

Walicheka hadi watoto wakaamka. Munganga naye akatabasamu, akauliza wanasemaje.

"Wanashukuru," nikajibu.

Kicheko kile kilinipanda kichwani. Nikaongeza jambo ambalo munganga hakulitamka wala kuliota: firigisi ya kuku, ambayo kwetu ni ya baba mwenye nyumba, sasa apewe mwanamke mwenye mimba. Wakapiga vigelegele.

Kesho yake asubuhi akaja mzee mmoja wa mtaa, kanzu na kofia, kumuuliza munganga mwenyewe kama ni kweli. Mkewe amekula firigisi mbele ya macho yake! Nilisimama katikati yao. Kwa Lingala nikamwambia munganga, "Mzee anauliza kama maini ya ng'ombe yanawafaa wajawazito."

"Sana!" akasema.

"Anakubali," nikamgeukia mzee.

Mzee akamshukuru munganga kwa Lingala safi kuliko yangu, akatoka. Nikamfuata mbio.

"Binti yangu," akasema, "nilitumika kazi katika mashua ya Kisangani na Kinshasa miaka mingi. Nilisikia kila neno."

"Unisamehe, baba."

"Yule anasema ngombe. Wewe unasema vitu tuko navyo. Mayai, sawa, wakule. Lakini neno la firigisi, utaliondoa wewe mwenyewe, mbele ya wale mama."

Nikawakusanya akina mama tena, nikakiri kwamba nilikosea, firigisi niliiongeza mimi. Wakanizomea. Mkewe yule mzee, mwenye mimba ya miezi saba, ndiye aliyekuwa wa kwanza kukataa.

"Munganga amesema," akaniambia, akijifunga kitenge vizuri ili aende zake. "Wewe kazi yako ni kutafsiri tu."