Maji ya Mchanga na Mkaa

Juzi mafuriko yalifunga shule tena, nikaanza kuwafundisha wanangu hapa nyumbani Garsen. Tulikata kitako cha chupa ya plastiki, tukaipindua, tukaijaza pamba, mkaa uliopondwa, mchanga na kokoto, kisha tukamimina maji ya mto yenye tope. Matone safi yalipoanza kudondoka, watoto walishangilia. Mimi nilimkumbuka dada yangu.

Hebu fikiria, mwenzangu, msimu ule wa utoto wangu, mto Tana ulipoimeza shule yetu. Tulihamia juu ya tuta, tukala ndizi za kuchemsha asubuhi na jioni, na vyura hawakunyamaza. Jirani yetu alikuwa mwalimu, naye akawa anakuja kunifundisha kibandani kwetu. Vitabu vilikuwa vimekwenda na maji. "Si neno," alisema, "sayansi hukaa mikononi."

Lakini mikono ilikuwa ya dada. Mwalimu aliponifundisha kuchuja maji kwa chupa kama hivi, yeye ndiye aliyeyateka mtoni, jicho moja likiwaangalia mamba. Ndiye aliyeponda mkaa kwa jiwe na kuusuuza pamoja na mchanga. Mimi nilikaa mkekani nikitazama.

Siku maji yalipotoka safi, alisimama mlangoni, viganja vyeusi tititi.

"Mwalimu, mbona mkaa mweusi unatoa maji meupe?"

Mwalimu alifurahi waziwazi. "Swali zuri hilo! Njoo, keti hapa."

Hajaketi, mama akaita kutoka jikoni: "Wewe, ndizi zinaungua! Mwache mdogo wako asome."

Akaenda. Mwalimu akanieleza mimi jinsi vitundu vidogo vya mkaa vinavyonasa uchafu.

Shule ilipojengwa upya, mama aliweza kumrudisha mmoja tu. Nikaenda mimi. Dada alibaki akilima mpunga, kisha akaolewa kijiji cha Hewani.

Sikuchagua mimi, nilikuwa mtoto. Hata hivyo, kila wanafunzi wanaponiita mwalimu, moyo hunisuta, kana kwamba nimejibu jina la mtu mwingine.

Lile tuta limeliwa na mto. Mama na mwalimu wametangulia mbele ya haki, na sina tena wa kumuuliza kwa nini ikawa mimi. Dada yupo. Akinipigia simu huniambia, bila chembe ya kinyongo, "Namshukuru Mungu wewe ulisoma." Afadhali angenilaumu.