Maziwa Yalipongoja Mashine

Bridgit Ayoo hakuwa mtu wa kutulia. Tangu atoke Ahero kuja Eldoret alikuwa amehamahama vyumba mtaani Huruma hadi mama muuza sukuma wiki akaacha kumwuliza anaishi wapi. Kazini, katika kiwanda cha maziwa alikotunza kompyuta, alifanya kazi akiwa amesimama, kisigino kikipigapiga sakafu.

Asubuhi hiyo Chepkirui, mkuu wa maabara, alimjia amekasirika.

"Bridgit, kila nikiingiza sampuli, hii kompyuta inazunguka tu. Maziwa ya kutoka Burnt Forest iko juani ikingoja majibu. Ikiharibika nitaambia wakulima nini?"

Bridgit aliijua shida. Kompyuta ya maabara ilikuwa imehamishiwa ndani ya seva, kompyuta moja kubwa inayobeba nyingine ndani yake kama programu, ikiishi humo kama mgeni. Lakini yenyewe haikujua. Ilidhani bado ina diski yake ya zamani, kwa hiyo seva ilikuwa ikiigiza diski hiyo na kutafsiri kila amri. Ndiyo maana ilijikokota. Ilihitaji draiva maalumu, programu ndogo ya kuongea na diski, ili mgeni atambue yuko kwa mwenyeji na amwombe moja kwa moja anachotaka.

Malori ya maziwa yalipopungua, Bridgit alinakili data yote, akaweka draiva, akabadilisha diski ya kuigizwa kuwa ya aina mpya na kuwasha. Skrini ikageuka bluu: mashine imeshindwa kuamka. Akawasha tena. Bluu.

Nje, lori la maziwa kutoka Moi's Bridge lilikuwa limefika mapema, dereva akipiga honi. Mzee Mabonga, meneja, akaingia.

"Kuna nini?"

"Mashine haioni diski yake, Mzee."

"Ilikuwa pole pole, lakini ilikuwa inafanya! Sasa umeiua?"

Bridgit alitoka hadi uani, akazunguka lori, akarudi, akatoka tena. Alitamani kuchukua mkoba wake na kwenda zake, popote. Alikuwa karibu na lango alipong'amua: draiva ilikuwemo, lakini mgeni hakuwahi kuonyeshwa diski ya aina mpya, ndiyo sababu hakuiita draiva wakati wa kuamka.

Alirudi mbio. Akairudisha diski kwenye aina ya zamani, na mashine ikaamka. Kisha akaiongezea diski ndogo tupu ya aina mpya, aione na kuizoea. Mashine ikaitambua. Akaizima.

"Sasa naibadilisha ile kubwa," alisema.

"Na ikikataa?" Chepkirui aliuliza, amesimama nyuma yake.

"Nitairudisha tena. Songa kidogo, nashindwa kupumua."

Aliwasha. Skrini ikabaki nyeusi kwa muda, kisha jina la maabara likatokea. Chepkirui akaingiza sampuli ya lori, na majibu yakatoka kabla hajaweka chupa chini.

"Ai, Bridgit!"

Maziwa ya Moi's Bridge yalipokelewa yote. Ya Burnt Forest, mikebe kadhaa ilikuwa imeshachacha, na Chepkirui mwenyewe ndiye aliyetoka kuwaeleza wakulima. Mzee Mabonga alileta chai.

"Siku nyingine niambie kabla hujagusa," alisema, sasa kwa upole. "Keti unywe."

"Sawa, Mzee." Bridgit alipokea kikombe lakini hakuketi. Macho yake yalikuwa yamesharudi kwenye skrini. "Bado kadi ya mtandao. Hiyo pia seva inaiigiza."