Mkeka Uliobaki Ukutani

Edvina alifika mjini Bukoba kutoka Ijumbi, Muleba, akakuta ngazi imeegemezwa kwenye mkeka wa mama yake.

Wapita njia wangesema ni ukuta tu, ubavu wa duka la zamani lenye varanda, lililobanwa na jengo jipya la vioo. Lakini mwaka juzi wasanii wa mjini waliwaomba wasusi mikeka yao, wakaikandamiza kwenye lipu mbichi, kisha wakazijaza alama zake rangi kali. Edvina alitoa mkeka wa harusi yake, aliosukiwa na mama yake, ambaye sasa ni marehemu. Ulibanduliwa umeshiba saruji, ukakatikakatika. Alijipa moyo kwamba ukuta utautunza. Tangu hapo, kila ajapo mjini huipapasa ile michirizi ya ususi, na wauza mitumba wa hapo varandani humtania kwamba anapangusa utadhani anangoja wageni.

Leo fundi Uledi na mwenzake Kagaruki walikuwa wakiandaa drili. Edvina aliuliza kwa amri ya nani. Ya mwenye duka, walimjibu. Panawekwa tangazo la simu. Uledi alimliwaza kwamba tangazo lenyewe lina taa, litapendeza.

Litapendeza! Walimwomba kitu cha mama yake, wakubwa wakakata utepe na kukiita urithi wetu, na sasa urithi unatobolewa ili simu ionekane vizuri. Hata kumpa taarifa hawakumpa.

Aliketi chini ya ukuta, akafungua kikapu chake kidogo cha kahawa ya kutafuna, akawanyooshea. Kagaruki alichota bila kufikiri, kama afanyavyo yeyote aliyelelewa Uhayani. Uledi, mzaliwa wa mjini hapa, naye akachota. Wakatafuna.

"Karibuni kwangu," Edvina alisema. "Huu nyuma yangu ni mkeka wa mama yangu. Haya, toboeni."

Kagaruki aliacha kutafuna. Aliyepokea kahawa ya mwenye nyumba haiharibu nyumba hiyo. Hilo hakuhitaji kuambiwa.

"Mama waitu, mama yetu, umetunasa," alisema.

"Nimewakaribisha. Mimi nani alinikaribisha mlipopanga haya?"

Uledi alimpigia mwenye duka. Sauti ya upande wa pili ilifoka hadi wauza mitumba wakageuka. Aliisikiliza mpaka ikachoka.

"Bosi, njoo na drili yako," alisema. "Sisi tumeshakula kwake."

Wakashusha ngazi. Edvina hakuwashukuru. Alibaki ameketi, kikapu kiko wazi, akimngoja mwenye duka. Naye ni Mhaya wa Muleba; kahawa hataikataa.